MAUMIVU CHINI YA UKUCHA: UVIMBE MDOGO USIOONEKANA



Mara nyingi ukurasa wetu wa afya na usalama unasema juu ya hatari ambazo kila mtu anaziona: jiwe linaloanguka, mashini isiyo na kifuniko, waya wa umeme, vumbi. Leo tutajifunza juu ya kitu kidogo sana, kidogo kama punje ya mchele, ambacho jicho halikioni lakini kinaweza kumnyima mtu usingizi kwa miaka mingi. Ni uvimbe unaoota chini ya ukucha wa mtu mzima. Si ugonjwa wa kila siku. Si kansere (saratani). Hauambukizi. Tena unatibika. Lakini wengi wanachelewa kupona kwa sababu wanaonyesha kidole kizima, na watu wanakataa kuamini kwamba kinauma.

Soma pole pole. Baada ya somo kuna maswali ya kujipima.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo yanapata watu wengi wenye ugonjwa huu.

Fundi mmoja wa atelye ana miaka 41. Kazi yake ni kufungua na kukaza buloni za pampu. Katika baridi ya mwezi wa sita, asubuhi na mapema, alikamata chuma na kidole cha pete cha mkono wa kuume kikamchoma kama sindano ya moto. Alivua glavu akaangalia. Hakuna damu, hakuna usaha, hakuna kidonda. Baada ya dakika chache maumivu yakaisha. Kesho yake yakarudi. Alimwendea mkubwa wake wa kazi.

"Shefu, kidole hiki kinaniuma sana."

"Onyesha. Mbona mimi sioni kitu? Kidole ni kizima. Rudia kazi, ndugu yangu."

Nyumbani mke wake alimwona analala na mkono umefungwa ndani ya kitambaa. "Baba, wewe uliumia lini bila kuniambia?" Alijibu kwamba hakuumia. Mama akashangaa: mtu asiyeumia analilia nini usiku?

Fundi akanyamaza. Akajizoeza kufanya kazi kwa vidole vinne. Siku moja, juu ya ngazi, ufunguo wa buloni uligusa ncha ya kidole kile. Mkono uliruka wenyewe, ufunguo ukaanguka. Chini alikuwa anapita kijana msaidizi. Ufunguo ulianguka hatua moja mbele yake. Siku ile kila mtu alisema kwamba fundi hana uangalifu. Hakuna aliyeuliza juu ya kidole.

Tutarudi kwa fundi huyu mwisho wa somo. Kwanza tuelewe ndani ya kidole kuna nini.

VALI NDOGO ZA DAMU

Damu inatoka moyoni kwa mishipa mikubwa, inaingia katika mishipa membamba kama nywele, halafu inarudi moyoni kwa mishipa mingine. Hiyo ndiyo njia yake ya kawaida. Lakini katika ngozi ya vidole vya mikono na miguu kuna pia njia za mkato. Hapo damu inatoka katika mshipa wa kwenda na kuingia moja kwa moja katika mshipa wa kurudi, bila kupitia mishipa membamba.

Ninyi mnaofanya kazi penye mabomba mtaelewa upesi. Bomba kubwa lina bomba dogo la pembeni lenye vali. Ukifungua vali, maji yanapita pembeni. Ukiifunga, yanafuata njia yake. Katika ngozi, kila njia ya mkato ina vali yake: mshipa mdogo uliojikunja, umezungukwa na chembe hai zinazoweza kujikaza na kujilegeza. Kazi yake ni kusaidia mwili kutunza joto. Wakati wa joto inafunguka, damu nyingi inafika penye ngozi na joto linatoka. Wakati wa baridi inajikaza ili joto lisipotee.

Vali hiyo inaitwa glomusi. Neno hili ni la Kilatini, maana yake ni kibonge cha uzi, kwa sababu mshipa umejikunja kama uzi uliovingirishwa. Kila mtu anazo glomusi, na nyingi ziko penye ncha za vidole, hasa chini ya kucha.

UVIMBE UNATOKEA NAMNA GANI?

Katika watu wachache, chembe zinazozunguka vali moja zinaanza kuongezeka kuliko inavyotakiwa. Zinafanya kibonge kidogo, mara nyingi cha milimita chache tu, na kwa kawaida hakifiki sentimeta moja. Hicho ndicho uvimbe wa glomusi.

Mtu atauliza: kitu cha milimita 5 kinawezaje kumliza mtu mzima? Fikiri juu ya kokoto ndani ya bote. Barabarani kokoto si kitu, unapita juu yake bila kujua. Lakini ikiingia ndani ya bote, kati ya mguu na ngozi ngumu, huwezi kutembea. Uvimbe wa glomusi uko vilevile. Juu yake kuna ukucha mgumu, chini yake kuna mfupa. Hauna nafasi ya kupanuka, na pale penye ncha ya kidole mishipa ya fahamu ni mingi sana. Ukiugusa kidogo, unabanwa. Baridi ikija, chembe zake zinajikaza na maumivu yanaamka.

Karibu robo tatu za uvimbe wa namna hii zinaota katika mkono, hasa chini ya kucha. Nyingine zinaota mahali pengine pa mwili. Kati ya uvimbe wa aina zote unaoota katika nyama laini za mwili, wa glomusi haufiki 2 kwa 100. Unapata hasa watu wazima wa miaka 30 hadi 50. Chini ya ukucha unapata wanawake kuliko wanaume. Kwa hiyo, mama, usifikiri kwamba somo hili ni la wanaume wa atelye tu. Mama anayefua nguo asubuhi kwa maji baridi ya robine, na anayelia kila maji yanapogusa kidole kimoja, anahusika pia.

Tunarudia: uvimbe huu si kansere. Hauli mwili. Ule unaogeuka kuwa mbaya ni nadra mno. Hautokani na mdudu wa ugonjwa, na mtu hawezi kuupata kwa kula, kulala au kufanya kazi pamoja na mgonjwa. Watu wachache wanaota uvimbe wa namna hii katika vidole kadhaa. Wengine wao wana ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaoleta madoa mengi ya rangi ya kahawa na vinundu laini juu ya ngozi. Ukiwa na alama hizo, mwonyeshe munganga.

UJUZI HUU ULIKUJA POLE POLE

Mwaka 1812 munganga mmoja wa Edinburgh, jina lake William Wood, aliandika juu ya watu wenye vinundu vidogo chini ya ngozi vinavyouma kupita kiasi. Aliona maumivu, lakini hakujua kinundu kimetokana na nini. Ikapita miaka zaidi ya 100. Mwaka 1924 munganga Pierre Masson, aliyekuwa anafundisha Strasbourg katika Ufaransa, alitazama vinundu hivyo kwa mikroskopi akaona kwamba vinatoka katika vali ndogo za damu. Ndiyo maana sisi leo tunaweza kusema: maumivu haya yana mahali pake, yana sababu yake, na yana dawa yake.

DALILI TATU ZA KUKUMBUKA

1. Maumivu makali ya ghafula katika kidole kimoja. Yanakuja kama kuchomwa, pengine yanapanda mpaka kiwiko au bega. Yanaweza kuamsha mtu usiku.

2. Nukta moja tu inayouma. Si kidole kizima. Ni mahali padogo ambapo mgonjwa mwenyewe anaweza kupaonyesha kwa ncha ya kalamu ya risasi. Ukigusa pale, anaruka. Ukigusa pembeni kidogo, anatulia.

3. Baridi inaamsha maumivu. Kwetu Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, katika asubuhi za mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Wakati huo mgonjwa anateseka kuliko katika miezi ya mvua. Hata chupa iliyotoka katika frigo inatosha kumliza.

Dalili hizi tatu zikipatana katika kidole kimoja, hata kama ukucha unaonekana mzuri, mtu aende kwa munganga.

Pengine kuna alama nyingine za kusaidia. Chini ya ukucha kunaweza kuonekana doa la rangi ya bluu au nyekundu. Ukucha unaweza kufanya mfereji au kupasuka kwa urefu, kuanzia shinani mpaka ncha. Lakini alama hizi zinaweza kukosekana kabisa. Usingoje mpaka zionekane.

MUNGANGA ANAPIMA NAMNA GANI?

Vipimo viwili vya kwanza havina bei kubwa. Vinaweza kufanyika katika dispansere yoyote.

Kipimo cha kichwa cha pini. Munganga Love wa Marekani alikieleza mwaka 1944. Munganga anachukua pini na kwa kichwa chake anabonyeza ukucha, nukta baada ya nukta. Ikiwa ni uvimbe wa glomusi, nukta moja itauma vikali, na milimita chache pembeni hapatauma.

Kipimo cha tansio. Munganga Hildreth alikieleza mwaka 1970. Mgonjwa anainua mkono juu ili damu ishuke. Munganga anafunga mashini ya kupima tansio juu ya mkono na kuijaza hewa mpaka damu isipite. Halafu anabonyeza tena ile nukta. Mara nyingi maumivu yamekwisha! Anapofungua hewa, damu inarudi na maumivu yanarudi pamoja nayo. Kwa sababu uvimbe ni wa mshipa wa damu, bila damu unatulia. Usijaribu kipimo hiki nyumbani kwa kamba au mpira. Kuzuia damu ya mkono bila ujuzi ni hatari.

Kisha munganga anaweza kuomba radio. Radio inaonyesha mfupa, haionyeshi uvimbe wenyewe. Lakini uvimbe uliokaa muda mrefu unaweza kuacha kishimo katika mfupa wa ncha ya kidole. Radio ikiwa nzuri, haimaanishi kwamba mgonjwa anadanganya. Ekografi inaweza kuuona uvimbe, na katika hospitali kubwa zenye mashini ya picha za sumaku unaonekana vizuri zaidi.

TUSICHANGANYE MAMBO

Si kila kidole kinachouma kina uvimbe wa glomusi. Yako magonjwa mengine ya vidole, tena mengi yanaonekana kuliko huu. Angalia tofauti.

Usaha penye ukucha. Kidole kinavimba, kinakuwa cha moto na kinapiga kama moyo. Kinaanza kwa siku chache, si kwa miaka. Kinahitaji dawa upesi, pengine kupasuliwa.

Damu chini ya ukucha. Umejipiga nyundo au mlango umekubana. Doa jeusi linatokea mara moja au baada ya saa chache, na siku unaikumbuka. Doa hilo linasogea mbele pamoja na ukucha. Ukucha wa mkono unakua karibu milimita 3 kwa mwezi. Kwa hiyo baada ya miezi kama 6 doa limetoka. Ukucha wa kidole kikubwa cha mguu unakawia, unaweza kuchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Vidole vyeupe vya mtetemo. Hii ni kwa ninyi mnaoshika mashini za kutoboa mwamba, na mashini nyingine zinazotetemesha mikono miaka mingi. Hapa pia baridi inaleta taabu, ndiyo maana watu wanachanganya. Lakini si kidole kimoja, ni vidole kadhaa. Ncha zinapauka, zinakufa ganzi, halafu damu inaporudi zinawasha na kuuma. Hakuna nukta moja ya kuonyesha. Ugonjwa huu unatokana na kazi. Ukiona dalili zake, sema mapema, kwa maana ukiendelea kushika mashini vilevile unazidi, na unaweza kubaki siku zote.

MSTARI MWEUSI: HAPA USICHEZE

Jambo hili ni zito kuliko yote ya somo hili. Uvimbe wa glomusi unauma sana lakini hauui. Kuna uvimbe mwingine wa ukucha ambao mara nyingi hauumi mwanzoni, lakini unaua. Ni kansere ya ngozi inayoitwa melanoma. Watu wengi wanafikiri kwamba mtu mweusi hapati kansere ya ngozi. Si kweli. Mtu mweusi anaipata mara chache, lakini anapoipata, mara nyingi inatokea chini ya wayo, katika kiganja, au chini ya ukucha.

Wote mnamjua Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika. Mwaka 1977 kidole chake kikubwa cha mguu kilikuwa na kidonda chini ya ukucha. Watu walidhani ni jeraha la mpira, maana alipenda sana kucheza mpira. Kumbe ilikuwa melanoma. Ilienea mwilini, naye akafa tarehe 11 mwezi wa tano 1981, akiwa na miaka 36.

Sisi watu weusi wengi tuna mistari ya rangi ya kahawa katika kucha, na kwa kawaida mistari hiyo haina ubaya, hasa ikiwa katika kucha nyingi na haibadiliki. Lakini nenda kwa munganga bila kuchelewa ukiona mambo haya:

– mstari mpya mweusi katika ukucha mmoja tu wa mtu mzima;
– mstari unaopanuka mwezi kwa mwezi;
– weusi unaotoka katika ukucha na kuingia katika ngozi ya pembeni;
– doa jeusi lisilosogea pamoja na ukucha;
– kidonda chini ya ukucha kisichopona, au kinachotoa damu bila kupigwa.

Maumivu yanamsukuma mtu kutafuta dawa. Doa lisilouma linamlaza usingizi. Kwa hiyo usipime hatari kwa maumivu tu.

MAMBO YASIYOFAA

Mtu anayeteseka anajaribu kila kitu. Tunaelewa. Lakini mambo haya yanaongeza hasara:

Kuchanja kidole kwa wembe. Uvimbe uko chini ya ukucha, chale za juu haziufikii. Lakini wembe usio safi unaweza kuleta pepopunda, ugonjwa wa ini, au ukimwi.

Kung'oa ukucha nyumbani. Ukucha utaota tena, na uvimbe utakuwa palepale.

Kutia kidole katika maji ya moto sana au penye makaa. Utapata kidonda cha moto juu ya maumivu ya kwanza.

Kumeza vidonge vya maumivu kila siku. Vinatuliza kidogo tu, haviondoi uvimbe. Diklofenaki na dawa za namna yake, zikimezwa muda mrefu bila munganga, zinaharibu tumbo na mafigo.

Kutafuta mchawi. Mtu akisema "kidole kinauma lakini hakuna kidonda", wengine wanaanza kutaja jirani au mzee wa jamaa. Ndugu, mlichosoma hapa kinatosha: sababu ni kibonge cha milimita chache juu ya mshipa wa damu. Msiharibu ujirani kwa ajili ya kitu ambacho munganga anaweza kukionyesha juu ya sahani.

DAWA YAKE NI UPASUAJI MDOGO

Hakuna kidonge wala mafuta ya kuyeyusha uvimbe huu. Unaondolewa kwa kisu cha munganga. Usiogope neno hilo. Kwa kawaida munganga anachoma sindano ya ganzi penye shina la kidole. Mgonjwa anabaki macho, lakini kidole hakisikii. Anazuia damu kwa muda mfupi ili aone vizuri. Anainua ukucha, au anapita pembeni yake, anafungua nyama laini iliyo chini, na kutoa kibonge kizima. Halafu anashona kwa uzi mwembamba sana. Kibonge kinapelekwa laboratware kutazamwa kwa mikroskopi, ili kuhakikisha ni kitu gani.

Watu wengi wanaona maumivu yale ya zamani yamekwisha upesi. Wengine wanangoja majuma kadhaa. Ukucha unaota tena kwa muda wa miezi kama 6. Pengine unabaki na mfereji au umepinda kidogo. Ikiwa kipande cha uvimbe kimebaki, unaweza kuota tena. Kwa hiyo, maumivu yaleyale yakirudi, hata baada ya miezi au miaka, usikae nayo. Rudi kwa munganga.

Wakati wa kungoja upasuaji, linda mkono na baridi: vaa glavu za kazi kavu, usikamate chuma baridi kwa mkono mtupu, na nyumbani changanya maji ya moto kidogo unapofua. Mambo haya hayaponyi, yanapunguza mateso tu.

KWA WAKUBWA WA KAZI NA WENZAKE

Shefu, kapita, na wewe unayefanya kazi karibu na mgonjwa: kidole kinachouma ni jambo la usalama. Mtu ambaye mkono wake unaruka kila unapoguswa hapaswi kuwa juu ya ngazi na chombo kizito, wala karibu na mashini inayozunguka. Hapaswi kukaza kitu ambacho maisha ya wengine yanakitegemea. Anayeficha maumivu kwa kuogopa kuitwa mvivu anajitia hatarini, na wewe pamoja naye.

Basi usiseme "sioni kitu". Uliza maswali matatu: kinauma mahali pamoja? Kinauma ukikigusa? Kinauma wakati wa baridi? Akijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpe karatasi ya kwenda dispansere siku ileile, na umpe kazi nyingine kwa muda.

NA WEWE MGONJWA, SEMA VIZURI

Infirmie anaona watu wengi kila asubuhi. Ukisema tu "mkono unaniuma", atakupa vidonge na kuita mwingine. Mweleze hivi:

– kidole gani, na tangu mwezi gani na mwaka gani;
– nukta gani, umwonyeshe kwa ncha ya kalamu;
– baridi inafanya nini, na maumivu yanachukua dakika ngapi;
– kama yanakuamsha usiku;
– kama ulijipiga au hukujipiga;
– dawa gani umekwisha kumeza.

Uliza kwa heshima: "Munganga, je, haiwezi kuwa uvimbe wa chini ya ukucha?" Swali hilo si dharau. Ugonjwa huu unaonekana mara chache, na munganga mwema anafurahi mgonjwa akimsaidia kukumbuka.

TURUDI KWA FUNDI WETU

Baada ya ufunguo kuanguka, mke wake alimwambia: "Baba, kesho tunaenda wote wawili." Dispansere, mama ndiye aliyesema mambo ya usiku, na fundi akaonyesha nukta yake. Munganga alichukua pini. Alibonyeza mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu. Mara ya tatu fundi alinyanyuka kutoka katika kiti. Munganga akafunga mashini ya tansio, akabonyeza palepale. Fundi akamtazama mke wake akasema: "Mama, hakiumi!"

Juma lililofuata walimpasua. Munganga alimwonyesha kibonge juu ya sahani: cheupe chenye wekundu kidogo, kidogo kuliko punje ya muhindi. Fundi alikitazama sana. Kitu kile kilimfanya aitwe mvivu kwa baridi mbili nzima.

Alipomaliza ruhusa yake ya ugonjwa akarudi atelye. Shefu wake alimngojea mlangoni, akamshika mkono wa kuume, akasema: "Nisamehe, ndugu. Sikuuliza."

MASWALI YA KUJIPIMA

Soma swali, funika jibu, jaribu mwenyewe. Wazazi wanaweza kuwauliza watoto.

1. Dalili tatu za uvimbe wa glomusi ni zipi?
Jibu: maumivu makali ya ghafula katika kidole kimoja, nukta moja inayouma ikiguswa, na baridi inayoamsha maumivu.

2. Je, uvimbe huu ni kansere, au unaambukiza?
Jibu: si kansere, wala hauambukizi.

3. Kwa nini maumivu yanaisha munganga akizuia damu ya mkono?
Jibu: kwa sababu uvimbe umetokana na mshipa wa damu, bila damu unatulia.

4. Fundi wa kutoboa mwamba ana vidole vinne vinavyopauka na kufa ganzi asubuhi. Je, ni uvimbe wa glomusi?
Jibu: hapana, dalili hizi zinafanana na ugonjwa wa mtetemo. Aende kwa munganga upesi.

5. Mama ana mstari mweusi mpya katika ukucha mmoja wa mguu. Hauumi. Angoje?
Jibu: asingoje hata kidogo. Doa lisiloumiza linaweza kuwa baya kuliko linaloumiza.

6. Radio imetoka nzuri lakini kidole bado kinauma. Mgonjwa anadanganya?
Jibu: hapana. Radio inaonyesha mfupa, haionyeshi uvimbe wenyewe.

Ukimaliza kusoma, usitupe ukurasa huu. Mpe jirani yako. Pengine katika kampi yenu kuna mtu anayelala na mkono ndani ya kitambaa, na hajamwambia mtu.